Ngozi iliyolowa: kutoka mto wa Mwindo mpaka kwa fundi viatu wa leo

Katika hadithi ya Mwindo, ile ambayo Wanyanga wa Walikale wameisimulia na kuiimba tangu enzi za mababu, kuna kazi moja ndogo ambayo wasikilizaji wengi huipita haraka. Mwami Shemwindo wa Tubondo alikuwa amewakataza wake zake wasimzalie mtoto wa kiume. Mwindo akazaliwa. Baba akarusha mkuki, haukumpata. Akaamuru mtoto azikwe, mtoto akatoka kaburini. Ndipo wakaamua atiwe ndani ya ngoma, na ngoma itupwe mtoni. Watu wakaingia msituni kukata mti wa kuchonga ngoma, na ngozi za swala zikalazwa mtoni ili zilainike.

Basi ni hapo. Sote tunakimbilia mbele, kwenye ngoma iliyokataa kuzama, ikapanda mto na Mwindo anaimba ndani yake mpaka kwa shangazi yake Iyangura. Lakini aliyeweka ile sehemu ya ngozi mtoni aliijua kazi. Ngozi kavu haiwambwi. Ukiilazimisha inapasuka, au inakubali upande mmoja na kukataa upande wa pili. Lazima inywe maji kwanza.

Hadithi hiyo iliandikwa mwaka 1956 kutoka kinywa cha Candi Rureke wa kijiji cha Bese, Walikale. Aliyeiandika ni Daniel Biebuyck, Mbelgiji, naye Kahombo Mateene, mwana wa Kinyanga na mtaalamu wa lugha, alishirikiana naye kuitoa katika kitabu mwaka 1969. Kwa sababu hiyo tuna ushahidi wa maandishi kwamba kulowesha ngozi ni elimu ya zamani kwetu. Haikuletwa na fundi viatu wa mjini.

Tuseme kidogo maji yanafanya nini. Ngozi ni nyuzi nyingi ndogo zilizosokotana. Zikikauka zinashikana kama gundi, na ngozi inakuwa ngumu kama ubao. Maji yakiingia katikati yake, nyuzi zinaanza kuteleza moja juu ya nyingine. Wakati huo ngozi inavutika, inafuata umbo la gogo, inakubali kamba na vigingi. Ikianza kukauka tena inajivuta yenyewe, inakaza, na mkazo huo ndio sauti ya ngoma. Ndiyo maana ngoma iliyonyeshewa mvua inaguna, na wapigaji wanaisogeza karibu na moto kabla ya kucheza. Lakini ukiisahau ngozi mbichi majini siku nyingi, manyoya yanaanza kutoka yenyewe, halafu harufu, halafu umepoteza ngozi. Mtu wa ngoma anahesabu siku zake.

Walikale ni msitu, kwa hiyo ngozi yake ilikuwa ya mnyama wa porini. Masisi ni habari nyingine. Kule juu kwenye majani, ngozi ni ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Kila mama wa rika la bibi zetu katika familia za wafugaji anaijua ingobyi, ngozi ya kondoo ya kubebea mtoto mgongoni. Ngozi hiyo ilikuwa haikai ngumu kama ya ngoma. Ilitandazwa, ikakwanguliwa nyama na mafuta, kisha ikapakwa siagi na kufikichwa kwa mikono muda mrefu mpaka ikawa laini kama kitambaa. Ukiiwaza vizuri, siagi inafanya kazi ya maji, ila yenyewe haikauki. Nyuzi zinabaki zinateleza, na mtoto analala.

Ng'ombe wa Masisi waliongezeka sana wakati wa ukoloni na baada yake. Kuanzia 1937 serikali ya Wabelgiji ilihamisha familia nyingi kutoka Rwanda na kuzileta upande wa Gishari, na shirika lililosimamia kazi hiyo lilifungwa mwaka 1955. Walowezi Wazungu nao walifungua mashamba makubwa. Mobutu alipotangaza mwaka 1973 kwamba mali za wageni zipewe Wazaire, mashamba mengi ya malisho yalipita mikononi mwa watu wenye nafasi. Maziwa yakawa jibini, jibini ikajulikana mpaka Kinshasa. Ngozi haikupata bahati hiyo. Mnyama alichinjwa, nyama ikauzwa, na ngozi ikakaushwa juani ikaenda ikiwa mbichi, au ikaoza nyuma ya nyumba. Kwa maoni yangu hilo ni kosa moja kubwa la miaka ile ya amani: tulikuwa na mifugo mingi namna ile na hatukujenga mahali pa kuivisha ngozi.

Kisha ikaja Machi 1993, na yaliyotokea kwenye soko la Ntoto, Walikale, yakawasha moto ambao wote tunaujua. Mpaka 1996 ng'ombe wengi mno wa Masisi walikuwa wameuawa au wameswagwa mbali. Watu walipoteza ndugu, na hakuna wa kulinganisha ngozi na ndugu. Lakini mifugo ilipokwisha, kazi ya mikono iliyotegemea mifugo ilikwisha pia, na mtoto aliyezaliwa mwaka ule hakumwona tena bibi akifikicha ngozi.

Nakshi na mihuri juu ya ngozi, yaani maua na mistari inayogongwa kwa chuma, ina historia yake upande wa pwani. Katika kisiwa cha Pate, karibu na Lamu, mji wa Siyu ulijulikana kwa mafundi wa viatu na mikanda ya ngozi, na pia kwa waandishi walionakili Kurani kwa mkono. Pwani walikuwa na kitu muhimu: magome ya mikoko. Ndani ya magome hayo kuna tanini, ile dawa kali inayokausha ulimi ukitafuna ganda la ndizi mbichi. Ngozi ikilala katika maji ya magome, tanini inazishika nyuzi zake na haiozi tena. Watu wa pwani huita kazi hiyo kudabaghi.

Ngozi ya magome ndiyo inayopokea muhuri. Fundi anaipangusa kwa sifongo yenye maji, polepole, pande zote, mpaka rangi inaingia giza. Hapo mwanafunzi huwa na haraka ya kugonga, na hapo ndipo anapoharibu. Ngozi iliyojaa maji ni kama tope: muhuri unazama, halafu alama inajifuta. Inatakiwa kufungwa katika kitambaa au mfuko na kuachwa ipumzike, hata usiku mzima kama ni nene, ili maji yafike katikati. Asubuhi inafunguliwa, na fundi anangoja rangi ya juu ianze kurudi kwenye weupe wake wa kwanza huku ndani bado kuna ubaridi. Ukiiweka shavuni unausikia. Ndiyo saa ya kugonga. Alama inaingia, kingo zinasimama, na ngozi ikikauka alama inabaki miaka.

Huku kwetu nako kuna tanini, tena nyingi. Ule mti wa akasia wenye asili ya Australia, tunaoupanda kwenye milima ya Masisi na kuuchoma makala kwa ajili ya Goma, gome lake kavu lina tanini karibu theluthi moja ya uzito wake. Njombe, Tanzania, kampuni ilianzishwa mwaka 1949 kwa ajili ya mti huohuo na gome lake. Sisi tunapikia maharage. Silaumu, maana mtu mwenye njaa hawezi kungoja ngozi ikae miezi ndani ya shimo la magome.

Na kungoja ndiyo shida yenyewe. Kazi hii inadai maji, na inadai mtu alale pale alipolaza ngozi. Waliokimbia Sake mwanzoni mwa 2024 na kujenga vibanda juu ya mawe ya volkano wanajua bidoni moja ya maji ilikuwa na maana gani: kupika, kunywa, kumwosha mtoto, basi. Januari 2025 vita vikafika Goma, Februari makambi yakabomolewa, Machi watu wa Walikale-centre wakaingia msituni. Gogo la ngoma halibebwi kichwani pamoja na godoro. Ngozi iliyo majini haingojei mwenyewe arudi.

Aliyebaki na kazi hii kati yetu ni fundi viatu wa kando ya barabara. Yeye anatembea na sanduku lake, na kabla ya kuvuta ngozi ngumu juu ya kalibu anailowesha katika kibeseni kidogo, kama watu wa Tubondo. Vijana kadhaa wamejaribu kugonga majina na maua kwenye mikanda wakitumia mabegi ya zamani, wakakata tamaa kwamba mikono yao ni mibaya. Mara nyingi mikono haina kosa. Mabegi na viatu vingi vya dukani vimetengenezwa kwa chumvi za kromu, njia iliyoenea viwandani tangu mwisho wa karne ya 19, na ngozi hiyo haishiki muhuri hata uiloweshe wiki nzima.

Kabla hujapoteza siku, kata ukingo wa kipande chako na uangalie katikati. Ukiona rangi ya kijivu au bluu, ni kromu: tumia kwa viraka. Ukiona kahawia mpaka ndani, dondosha tone moja la maji juu yake. Likinywewa haraka na kuacha doa jeusi, umepata ngozi ya magome. Ipanguse maji jioni, ifunge vizuri, na asubuhi uiweke shavuni.