Gedi: Kuta Zilizookolewa Msituni

Wakazi wa Gedi, mji wa kale katika pwani ya Kenya, waliuhama mji wao mwanzoni mwa karne ya 17, na msitu ukaingia. Mikuyu iliota juu ya kuta, ikapenyeza mizizi kwenye nyufa, na kadiri mizizi ilivyonenepa ndivyo nyufa zilivyopanuka. John Kirk, balozi wa Uingereza kule Zanzibar, alifika mwaka 1884 akayakuta magofu yamefunikwa na miti. Mwaka 1927 serikali ya kikoloni iliyatangaza kuwa mahali pa kihistoria, ila tangazo pekee halikuzuia mawe kuporomoka. Mwaka 1939 ndipo mafundi wa serikali walipoanza kukarabati kuta zilizokuwa karibu kuanguka.

Kazi kubwa ilianza mwaka 1948, chini ya mwanaakiolojia James Kirkman. Kwa miaka kama kumi alifyeka, alichimba na kuimarisha. Nyumba zikapewa majina ya vitu vilivyofukuliwa humo: Nyumba ya Makasi, Nyumba ya Sanduku la Pembe. Mapaa hayakurudishwa, na huo ulikuwa uamuzi wa busara, maana mgeni leo anatazama kazi ya mafundi wa kale wenyewe.

Mafundi hao walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyopatikana kwa kuyachoma matumbawe hayohayo. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti zina urefu wake, vyumba vikawa virefu na vyembamba. Paa likishaanguka, mvua huingia kwenye kichwa cha ukuta na kuikosha chokaa iliyoshika mawe. Hapo ndipo matengenezo yanapoanzia, juu, kwa kuziba kichwa cha ukuta.

Kuziba kwa kutumia kitu gani? Saruji ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe. Hunasa unyevu na chumvi, na jiwe humomonyoka huku saruji imebaki imara. Chokaa hupumua pamoja na ukuta. Mizizi nayo ina hesabu yake: ukiukata mti ovyo, mzizi huoza na kuacha pango ndani ya ukuta.

Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalikabidhiwa Gedi mwaka 1969, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399, bado lipo. Ili lidumu, vijana wa Malindi na Kilifi wafundishwe sasa kuchoma chokaa, kuiroweka na kuipaka.