Mohamed Amin

Mohamed Amin (29 Agosti 1943 – 23 Novemba 1996), maarufu kwa jina la Mo, alikuwa mpigapicha na mwandishi wa habari wa Kenya aliyeripoti vita, mapinduzi na njaa barani Afrika kwa zaidi ya miaka 30.

Maisha ya awali

Alizaliwa Nairobi, mtoto wa mfanyakazi wa reli, akakulia Dar es Salaam. Huko alianzisha kampuni ya Camerapix mwaka 1963.

Kazi

Aliripoti Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Mwaka 1966 akafungwa visiwani humo karibu mwezi mmoja. Waziri wa Kenya, Tom Mboya, alipopigwa risasi Nairobi, 5 Julai 1969, Amin alifika mapema na kamera yake.

Njaa ya Ethiopia

Oktoba 1984 alifika Korem, mkoani Wollo, pamoja na Michael Buerk wa BBC. Picha zinaanza alfajiri, katika baridi kali ya milimani: umati umejikunyata ndani ya shuka, ukungu na moshi vimetanda, maiti zimeviringishwa nguo na kulazwa chini. Kamera haina haraka. Inatulia juu ya uso mmoja, kisha mwingine. BBC ilirusha taarifa hiyo tarehe 23, na vituo zaidi ya 400 duniani vikaionyesha. Tamasha la muziki la Live Aid la 13 Julai 1985, la kuwachangia waathirika, ni tunda la taarifa hiyo.

Wengi huikumbuka njaa hiyo kama balaa la ukame tu. Ukame ulikuwepo, lakini Tigray, Wollo na Eritrea zilikuwa pia uwanja wa vita kati ya Derg, serikali ya kijeshi ya Ethiopia, na waasi wa TPLF wa Tigray na EPLF wa Eritrea. Ndege za serikali zilishambulia masoko, na chakula cha msaada kilizuiwa kuwafikia raia wa upande wa pili. Kazi ya Korem ni ripoti ya vita, na ihesabiwe hivyo.

Majeraha na kifo

Juni 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Amin alipoteza mkono wa kushoto. Mrekodi sauti wake, John Mathai, aliuawa. Amin alifungwa mkono wa bandia, akarudi kazini.

Alikufa ndani ya ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa ikielekea Nairobi, ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na ufuo wa kisiwa cha Ngazidja, Komori. Kati ya watu 175, walikufa 125. Walionusurika walisema alikuwa amesimama, akibishana na watekaji.

Urithi

Mwanawe, Salim Amin, aliendeleza Camerapix na hifadhi yake ya picha jijini Nairobi.