Jiwe mzazi na jiwe la kutupwa: historia ya bustani ndani ya kioo

UVIRA, Kivu Kusini – Familia iliyokimbia vita inapofika mahali pageni na sufuria moja na bidoni moja, kazi ya kwanza ni kutafuta mawe matatu. Bila mafiga hakuna moto, na bila moto watoto watalala njaa. Wazee walisema zamani kwamba figa moja haliinjiki chungu. Mawe yakishapangwa, hata chini ya turubai, mama anaweza kusema: hapa ndipo kwetu kwa leo.

Mbali sana, katika nchi ya Japani, kuna watu ambao nao huanza na mawe matatu. Hawapiki juu yake. Huyapanga ndani ya kisanduku cha kioo, hupanda majani mafupi yanayotanda chini kama mkeka, hujaza maji, kisha hutia samaki wadogo wachache. Kazi hiyo huitwa iwagumi, maana yake kupanga mawe. Leo inafanywa Ulaya, Marekani, Brazili na Asia. Historia yake ni ndefu, na sehemu yake moja inapita katika misitu ya Kongo na katika maji ya Ziwa Tanganyika.

Mawe kabla ya maji

Wajapani walipanga mawe bustanini karne nyingi kabla ya kuyaweka ndani ya kioo. Kitabu chao cha zamani juu ya bustani, Sakuteiki, ni cha karne ya 11, na kinaanza na habari ya kusimamisha mawe. Kinafundisha kwamba mtu aanze na jiwe kubwa, kisha mawe mengine yafuate linavyotaka lile la kwanza.

Katika mji wa Kyoto kuna hekalu liitwalo Ryoan-ji. Kiwanja chake kina changarawe nyeupe na mawe 15 tu, yamegawanywa katika makundi matano, na ukungu wa kijani umeota kandokando yake. Hakuna mti ndani wala kisima. Mtu akikaa barazani, popote atakapokaa, hawezi kuyaona mawe yote 15 kwa mara moja. Daima moja linajificha nyuma ya jingine. Mwaka wa 1994, UNESCO iliingiza hekalu hilo, pamoja na mengine ya Kyoto, katika orodha ya urithi wa dunia.

Mpango wa mawe matatu nao unatoka huko. Jiwe kubwa husimama katikati, na mawili madogo hulisindikiza, kama sanamu ya Buddha yenye wasaidizi wawili. Hapo ndipo mawe hayo yanapotofautiana na mafiga yetu. Mafiga lazima yalingane, la sivyo chungu kitamwagika. Mawe ya Japani hayalingani hata kidogo, na hesabu yake haigawanyiki kwa mbili: ni matatu, matano au saba. Mawe mawili yaliyo sawa humfanya mtazamaji aone mikono ya mtu. Yasiyo sawa humfanya aone mlima.

Kioo kilitoka London

Kisanduku chenyewe si cha Japani. Mwaka wa 1829 daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, aliweka kifukofuko cha mdudu ndani ya chupa iliyofungwa, pamoja na udongo wenye unyevu. Baada ya muda aliona majani yameota humo, yanajinywesha kwa mvuke wao wenyewe. Akaelewa kwamba mmea unaweza kuishi ndani ya kioo, mbali na moshi wa mji.

Miaka 20 hivi baadaye, mtaalamu wa kemia Robert Warington alijaribu jambo lile lile kwa maji. Alitia samaki, mmea wa Vallisneria na konokono. Mmea uliwapa samaki hewa, uchafu wa samaki ulilisha mmea, na konokono walikula majani yaliyooza. Mmea wa jina hilo hauko mbali nasi: majani marefu ya Vallisneria, membamba kama utepe, yanaota pia katika sehemu tulivu za Ziwa Tanganyika.

Mwaka wa 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa watu wote. Mwaka uliofuata Philip Henry Gosse alitoa kitabu kilicholipa jambo hili jina tunalotumia hadi leo: akwariamu. Kuanzia hapo tamaa ya samaki wa mbali ikaingia katika nyumba nyingi za Ulaya.

Mkimbiaji baiskeli wa Niigata

Aliyekutanisha mawe ya Kyoto na kioo cha London ni Takashi Amano. Alizaliwa mwaka wa 1954 katika jimbo la Niigata. Hakuwa profesa. Alikuwa mkimbiaji baiskeli wa kulipwa, na pia mpiga picha aliyekwenda kutafuta misitu mikubwa ya Amazon, Borneo na Afrika ya Magharibi. Mwaka wa 1982 alianzisha kampuni yake ya vifaa vya akwariamu, na katika miaka ya 1990 vitabu vyake vya picha vikaenea duniani.

Swali lililomsumbua Amano lilikuwa la mkulima: kwa nini majani ndani ya maji yanakufa? Kosa lilikuwa katika hewa. Mmea wa nchi kavu hupata kaboni kutoka upepo unaopita. Ndani ya kioo kaboni ni kidogo, na ukiongeza taa bila kuongeza hewa hiyo, unalisha kuvu la kijani peke yake. Husimuliwa kwamba alianza kwa kumimina maji ya soda ndani ya kisanduku. Baadaye yeye na wenzake walitumia mtungi wa gesi, ile ile inayotoa mapovu katika chupa ya kinywaji, wakiipitisha kidogokidogo. Majani yakaanza kutoa vitone vya hewa safi, na mkeka ukaenea.

Kwa kusafisha majani alitumia kamba wadogo wasioonekana vizuri kwa macho, wanaokula kuvu mchana na usiku. Leo wafugaji wengi wanawaita kamba wa Amano.

Namna inavyopangwa

Mpangaji huanza kavu, bila tone la maji. Chini huweka udongo wenye rutuba, mbele chini na nyuma juu, ili jicho lione umbali. Kisha huchagua mawe ya aina moja na rangi moja, kwa sababu mlima mmoja hauna mawe ya nchi tatu. Kabla ya kuyatumia huyadondoshea siki: jiwe likitoa povu, lina chokaa, nalo litageuza maji.

Jiwe kubwa kuliko yote huitwa oyaishi, yaani jiwe mzazi. Haliwekwi katikati kabisa. Huwekwa kando kidogo, karibu na theluthi ya urefu wa kisanduku, nalo huinama kama jiwe la mtoni lililosukumwa na maji miaka mingi. Jiwe la pili hulijibu kutoka upande mwingine. La tatu hulisindikiza la kwanza. Na la mwisho, dogo kuliko yote, huitwa suteishi, maana yake jiwe la kutupwa. Hilo kazi yake ni kukaa chini, na mara nyingi majani hulifunika lisionekane tena. Lakini wapangaji wanasema ukiliondoa, mpango wote unaonekana umepungukiwa.

Kisha hufuata majani. Mengine yametoka Nyuzilandi na Australia, mengine Kuba, na jani moja la humo halizidi punje ya mchele. Hupandwa kwa kibano, kishungi kimoja kimoja, kwa nafasi ndogo, kama mwanamke anavyopandikiza miche ya mchele katika bonde la Ruzizi. Maji humiminwa polepole juu ya sahani au karatasi, udongo usichimbuke.

Baada ya hapo ni kungoja. Wiki za kwanza kuvu hushambulia, maji huchafuka, na mpangaji hubadilisha sehemu ya maji mara nyingi. Taa haizidi saa 8 hivi kwa siku. Mwezi mmoja, miwili, hata zaidi, ndipo vishungi vinashikana na udongo hauonekani tena. Samaki huingia mwishoni, wa aina moja, wadogo, ili mawe yaonekane makubwa. Mwenye haraka hupoteza kila kitu katika wiki ya pili.

Kongo ndani ya kisanduku

Majani ya Kongo yana nafasi yake katika kazi hii. Anubias, mmea wa kivuli wa misitu ya Afrika ya Kati na ya Magharibi, una jani gumu lisiloliwa ovyo na samaki, na hushika juu ya jiwe au gogo bila udongo. Mwaustria Schott aliupa jina hilo mwaka wa 1857, kwa kumkumbuka Anubis, mungu wa wafu wa Misri ya kale. Aina yake moja huitwa congensis, yaani ya Kongo. Uko pia mmea wa Bolbitis, unaoota katika mawe ya mito yenye maji ya kasi. Wasio na pesa ya mtungi wa gesi huipenda mimea hii, kwa sababu inakua hata katika taa hafifu.

Katika samaki, mwaka wa 1899 Boulenger, mtaalamu wa jumba la makumbusho la London, alimweleza samaki wa bonde la Mto Kongo mwenye ubavu unaong'aa rangi ya buluu na dhahabu. Duniani wanamwita tetra wa Kongo. Mwaka mmoja kabla, Boulenger huyo alikuwa ameeleza samaki walioletwa kutoka Tanganyika na msafiri Moore, na kati yao alikuwamo Tropheus, samaki wa mawe.

Samaki wa mawe si ndagala wala mukeke. Hauzwi sokoni Uvira. Anaishi kati ya miamba karibu na ufuko, akikwangua kuvu la kijani juu ya mawe. Hapendi kuvuka mchanga wala maji ya kina. Kwa hiyo wa mwamba mmoja hakutani na wa mwamba wa mbali, na miaka elfu nyingi ikiisha, kila ufuko umepata rangi yake. Georges Marlier, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Uvira, alieleza aina moja mwaka wa 1959, ambayo watoto wake ni weusi wenye madoa meupe kama nyota.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mbelgiji Pierre Brichard alianza kupeleka samaki hao nje kwa ndege kutoka Bujumbura. Wanunuzi wakataka kujua kila mmoja katoka mwamba gani. Hivyo majina ya vijiji vyetu yakaandikwa juu ya vioo vya Ujerumani, Marekani na Japani: Bemba, Pemba, Luhanga, Kiriza ya Ubwari, Moba, Moliro.

Mkeka wa majani haumfai samaki huyo. Maji ya Tanganyika ni mazito kwa chumvichumvi, na majani mengi laini ya iwagumi huyakataa. Anayefuga samaki wa Bemba hupanga mawe peke yake, juu ya mchanga.

Mawe yanayofunikwa

Huku kwenyewe miamba hiyo ina shida. Milima juu ya Uvira imepoteza miti, na kila mvua kubwa inashusha udongo ziwani. Wataalamu wameandika tangu miaka ya 1990 kwamba mahali matope yanapofunika mawe, aina za samaki zinapungua, kwa sababu kuvu wanalokula halipati mwanga na mapango yao yanazibwa. Matope hayo hayo yanawajua wakaaji pia. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika na kubomoa nyumba. Makumi ya watu walikufa na maelfu walibaki bila makao. Miti ya mlimani inalinda nyumba ya mtu na mwamba wa samaki kwa wakati mmoja.

Amano alimaliza kazi yake ya mwisho iliyo kubwa mwaka wa 2015, katika mji wa Lisbon, Ureno: kisanduku cha mita 40 chenye lita 160,000 za maji. Kilifunguliwa mwezi wa Aprili. Alifariki tarehe 4 Agosti mwaka huo huo, akiwa na miaka 61.

Samaki wengi wanaouzwa leo Ulaya kwa jina la Bemba wamezaliwa ndani ya kioo, na wazazi wao vilevile, na babu zao. Hawajaonja maji ya ziwa hata siku moja. Lakini wafugaji wana kanuni wanayoishika sana: wa Bemba hachanganywi na wa Moliro, na jina la ufuko haliondolewi, hata vizazi vipite vingapi. Mtoto aliyezaliwa kambini, anayesikia kila jioni kando ya mafiga jina la kijiji ambacho hajakiona, ataelewa upesi kwa nini.