KAULI YA KUTENDUA NA MAJARIBIO YA KOMPYUTA

Kila mwalimu wa Kiswahili amepata kuandika ubaoni jozi hizi: funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua, panga na pangua. Twaiita kauli ya kutendua, twatoa zoezi, kisha twapita. Ni wachache wanaofikiri kwamba jina hilo la sarufi limekuwa amri ya mashine, na kwamba pasipo amri hiyo ni vigumu mtu kuthubutu kujifunza programu ngeni kwa kuijaribu tu.

Zamani jaribio lilikuwa ghali, kwani kosa la kidole kimoja liliweza kupoteza kazi ya siku nzima. Programu ya kuandikia iitwayo Bravo, iliyotengenezwa mwaka 1974 katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, Marekani, ilikuwa miongoni mwa zile za mwanzo kumpa mwandishi njia ya kurudisha nyuma tendo lake la mwisho. Mwaka 1983 kampuni ya Apple iliiweka amri hiyo katika menyu za kompyuta yake ya Lisa.

Miaka hiyohiyo John Carroll, mtafiti wa IBM, aliwatazama makarani wakijifunza programu ya kuchapa. Walipewa vitabu vya maelekezo, lakini wengi hawakuvifuata. Waliruka kurasa, wakabonyeza hiki na kile ili waone kitakachotokea, mara wakanasa mahali wasipojua pa kutokea. Msimamizi mkali angaliwaita wavivu. Carroll aliona kwamba hivyo ndivyo watu wazima wajifunzavyo. Mwaka 1984 yeye na mwenzake walitangaza jaribio ambamo amri ngumu zilifungwa, mithili ya magurudumu ya pembeni ya baiskeli ya mtoto. Wanafunzi walijaribu watakavyo, na waliingia kazini upesi kuliko wale waliopewa programu nzima.

Mambo hayo ya Marekani yanatuhusu sana huku Isingiro. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-mashariki mwa mji wa Mbarara, yalifunguliwa mwaka 1958, nayo yamewapokea Wanyarwanda, Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Kiswahili ni daraja kwa wengi wao. Mtu aliyetoka Kivu, aliyesoma kwa Kifaransa au asiyesoma kabisa, akiketi mbele ya kompyuta hukuta menyu za Kiingereza. Mwambie ajaribu, mkono utasita. Hasiti kwa ujinga: anaogopa kuharibu mali ya watu, na hofu hiyo ni adabu njema. Kumhimiza bila kumwonyesha njia ya kurudi ni kumsukuma mtu mtoni kabla hajajua kivuko kiko wapi.

Basi somo la kwanza na liwe hili. Aandike jina lake, alifute, kisha abonyeze Ctrl pamoja na Z. Jina larudi. Tendo hilo moja hufungua mkono kuliko hotuba ya saa nzima.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Kumekuwa na mabishano mengi juu ya kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Kwa maoni yangu, manufaa makubwa zaidi yamo katika kineno tendua, kinachoonekana sasa hata katika programu za simu. Mwenye kujua kunja na kunjua hahitaji kufasiriwa.

Lakini mwalimu asiseme kwamba kila kitu hurudi. Siku hizi mwanafunzi huyo hutumia simu kupeleka fedha, na fedha zikishakwenda kwa namba isiyo yake, hakuna kitufe cha kuzirejesha papo hapo. Hapo sarufi yenyewe yatusaidia. Hatusemi “tumua” kwa kilichotumwa, wala “lipua” kwa kilicholipwa, kwani lipua ni kulipua baruti! Katika somo la pili, gawa ubao sehemu mbili: upande mmoja vitenzi vinavyotendulika, andika, futa, hamisha, upande wa pili tuma, lipa na thibitisha. Wanafunzi wajaribu upande wa kwanza hadi wachoke. Katika upande wa pili, wasome namba kwa sauti kwanza.