Kinyonga, Simba na Samaki Aliyekataa Kufa

Kijarida kilikauka kidogo, si mnajua tena mambo ya mitihani. Sasa tumemaliza, na wiki nzima hapa hosteli nimegeuka ofisi ya utalii, manake kila mtu ana swali lile lile: "Ati huko kwenu Tanga kuna nini zaidi ya machungwa na mahaba?" Leo nawajibu kwa maandishi. Ukienda Tanga kujifanya mtalii utakutana na viumbe wanne: mbwa, samaki, kinyonga na simba. Wa kwanza ni wa hadithi tu, na bahati mbaya ndiye tunayemtangaza kuliko wote.

Tuanze naye. Mapango ya Amboni yapo kama kilomita 8 kaskazini ya mji, ukifuata barabara ya Mombasa. Ni mawe ya chokaa yaliyochimbwa na maji enzi na enzi, giza totoro na popo kibao. Humo utasimuliwa Wazungu wawili walioingia na mbwa wao wasionekane tena, ila mbwa akaja kutokea Kilimanjaro! Basi bwana, mwaka 1994 watafiti wa Kijerumani na Kituruki wakayapima. Wakakuta mapango kumi, na lililo refu kuliko yote halikufika hata kilomita moja. Kwa hiyo huyo mbwa kama alifika Moshi kweli, basi alipandia gari Segera.

Sasa njoo kwa samaki. Wataalamu wa dunia walikuwa wamekubaliana kwamba silikanti alitoweka miaka milioni 66 iliyopita, pamoja na madinosaria. Desemba 1938 akavuliwa mmoja Afrika Kusini, na dada mmoja wa makumbusho ya mji wa East London, Marjorie Courtenay-Latimer, akashtuka kumwona kwenye lundo la samaki. Wa pili alipatikana Komoro mwaka 1952, na kumbe wavuvi wa kule walishamzoea, wanamwita gombessa. Marehemu wa miaka milioni 66 ana jina mtaani! Kwetu Tanzania alionekana mwaka 2003 upande wa kusini, na kuanzia 2004 wavuvi wa Tanga wakaanza kumtoa kwenye jarife zao, si mmoja wala wawili.

Hapo ndipo utani unapoisha. Silikanti hukaa kilindini, mchana amejificha mapangoni huko chini, hana shida na mtu. Jarife la kutegea papa ndilo lililomfuata alipo. Huyu hatagi mayai ya kumwaga maelfu kama samaki wengine, anazaa watoto wachache walio hai, tena kwa kuchelewa. Ukimvua jike mmoja umefuta ukoo. Mwaka 2009 serikali ikatangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, kwenye pwani inayoelekea Pangani. Vizuri sana, ila jiulize: ni wanafunzi wangapi wa Tanga wanaoweza kukuchorea silikanti? Mbwa wa Amboni wanamjua wote.

Twende kwenye muziki. Chumbani kwetu tuna Mkenya mmoja anayeapa kwamba Simba Wanyika ni bendi ya kwao. Nusu anasema kweli. Ila wenye bendi, Wilson Peter na George Peter, ukoo wao ni Kinyonga, na walianzia Tanga. Mwaka 1966 walikuwa Jamhuri Jazz, wapinzani wa jadi wa Atomic Jazz katika mji ule ule mmoja. Mwaka 1970 wakahamia Arusha wakawa na ndugu yao William, na 1971 wakavuka kwenda Kenya. Kinyonga akajibadili akawa simba! Mwaka 1978 wengine wakajitoa wakaunda Les Wanyika, na mpaka leo ukipiga "Sina Makosa" harusini hata bibi harusi anasahau kununa.

Na taarabu je? Wakati Unguja wanatamba na orkesta kubwa za fidla na kanuni, Black Star ya Tanga walileta kikundi kidogo chenye magitaa ya umeme, na staili hiyo ikaenea pwani nzima. Aliyeipa sauti ni Shakila Saidi, mtoto wa Pangani, aliyeimba pia Lucky Star. Naye baadaye akahamia Dar, na huko ndiko alikofariki mwaka 2016.

Mnaona mtiririko? Watu husema "Tanga, waja leo waondoka leo", na kila mtu ana tafsiri yake. Mimi yangu ni hii: vitu vyetu vya kweli vinaondoka kimya kimya, sisi tumebaki tunamsindikiza mbwa ambaye hakuwahi kwenda popote. Hadithi haina gharama, hata usipoitunza itajitunza yenyewe. Silikanti na nyimbo za zamani haviko hivyo. George Kinyonga alifariki 1992, Wilson 1995, na waliocheza nao dansi Tanga miaka ile ya sitini ni wazee sasa.

Kwa hiyo wadau wa Tanga, likizo hii nawapa kazi ndogo. Kama babu alikuwa shabiki wa Jamhuri Jazz au bibi wa Atomic (nyumba nyingi ziligawanyika hivyo hivyo), kaa naye barazani, washa simu urekodi, muulize walivaa nini, kiingilio kilikuwa bei gani, nani aligombana na nani. Usimkatize hata akirudia mara tatu. Silikanti ametusubiri miaka milioni 66, wazee wetu hawana muda huo.