Hataza, Viwanda na Dawa: Kutoka Venice hadi Luzira

Mwaka 1474 watawala wa Venice walipitisha sheria fupi. Mtu akibuni chombo kipya ambacho hakijapata kutengenezwa katika dola yao, basi akikisajili, atakuwa na haki ya kukitengeneza peke yake kwa miaka 10. Atakayemwiga bila ruhusa alipe dukati 100, na chombo chake kiharibiwe. Lengo halikuwa kumtukuza mbunifu. Venice ilitaka mafundi hodari wa miji mingine wahamie kwake na ujuzi wao. Uingereza ikafuata mwaka 1624 kwa muda wa miaka 14, yaani vipindi viwili vya uanagenzi vya miaka saba saba. Haki hii, inayoitwa hataza, ilizaliwa ikiwa sera, mapatano kati ya dola na fundi, na kila dola ilipanga masharti kwa kadiri ya mahitaji yake.

Mataifa tajiri ya leo yaliitumia nafasi hiyo bila haya. Sheria za Uingereza zilimkataza fundi wa viwanda vya nguo kuhama, lakini mwaka 1789 fundi Mwingereza Samuel Slater alivuka bahari akiwa amehifadhi mitambo ya pamba kichwani, na muda si mrefu ikawa inazunguka kule Pawtucket, Rhode Island, Marekani. Marekani hiyohiyo haikuwapa waandishi wa kigeni hakimiliki hadi mwaka 1891. Uholanzi ilifuta kabisa sheria yake ya hataza mwaka 1869 na haikuwa na nyingine hadi 1912. Ndani ya kipindi hicho, mwaka 1891, Gerard Philips alianzisha kampuni ya kutengeneza balbu za umeme mjini Eindhoven. Kwa upande wa dawa subira ilikuwa ndefu zaidi. Ujerumani ilianza kutoa hataza kwa dawa yenyewe mwaka 1968, Japani 1976, Italia 1978. Viwanda vyao vya dawa vilikuwa vimekwisha kukomaa.

Makoloni hayakupewa uchaguzi huo. Kwa miaka mingi, hata baada ya uhuru, mbunifu wa Nairobi aliyetaka hataza alilazimika kwanza kuipata London, kisha aisajili kwao. Tanzania ilijitungia sheria yake mwaka 1987, Kenya 1989. Ni vigumu kuhesabu vipaji vilivyokata tamaa kwenye foleni hiyo.

India ilizinduka mapema. Sheria yake ya mwaka 1970 iliruhusu hataza juu ya njia ya kutengeneza dawa tu, wala si juu ya dawa yenyewe. Kampuni iliyogundua njia tofauti ilikuwa huru kutengeneza dawa ileile. Ndani ya miongo miwili taifa lililokuwa likinunua dawa kwa bei ya kukatisha tamaa likawa linaziuza duniani.

Mlango ukafungwa Marrakesh, Aprili 1994. Mkataba wa TRIPS, ulioanza kazi Januari 1995 chini ya Shirika la Biashara Duniani, uliwataka wanachama watoe hataza ya miaka 20 katika nyanja zote za teknolojia, dawa zikiwamo. India ilipewa hadi mwaka 2005.

Mwaka 1996, madaktari walithibitisha kwamba mseto wa dawa tatu unaweza kumwinua mgonjwa wa UKIMWI kitandani. Bei yake ilizidi dola 10,000 kwa mwaka. Waafrika walikuwa wakizikwa kwa mamilioni ilhali tiba ipo. Serikali ya Nelson Mandela ilipotunga sheria mwaka 1997 ili kupata dawa za bei nafuu, makampuni 39 yaliishtaki mahakamani. Wanaharakati wa Treatment Action Campaign waliingia barabarani, na Aprili 2001 makampuni yakaiondoa kesi. Februari ya mwaka huohuo kampuni ya Cipla ya India ilikuwa imejitolea kuuza mseto huo kwa dola 350 kwa mwaka. Juni, Bunge la Kenya likapitisha Sheria ya Miliki ya Viwanda, iliyofungua njia ya kuagiza dawa nafuu kutoka nje. Novemba, huko Doha, mataifa yote wanachama yalikiri kwamba TRIPS isizuie nchi kulinda afya ya watu wake.

Wapo wanaosema bila hataza hakuna utafiti. Utafiti ni gharama, sibishi. Lakini tazama malale. Dawa ya eflornithine iliwaokoa wagonjwa mahututi wa malale, lakini uzalishaji wake ulisimama katika miaka ya 1990 kwa sababu wagonjwa walikuwa maskini wa vijijini. Ulirejea mwaka 2001 baada ya shinikizo, wakati ambapo dawa hiyohiyo ilikuwa imepata soko jipya Marekani, kama krimu ya kupunguza nywele usoni mwa wanawake. Hataza humtuza anayemhudumia mwenye fedha. Maskini asiyekuwa na kitu cha kulipa haonekani katika hesabu hiyo, na ndiyo maana serikali haiwezi kuliachia soko peke yake suala hili.

Njia zilizoachwa wazi na TRIPS nazo ni nyembamba. Rwanda ilitumia utaratibu maalumu wa kuagiza dawa zilizotengenezwa Kanada kwa leseni ya lazima, yaani ruhusa ya serikali ya kutengeneza dawa bila ridhaa ya mwenye hataza. Ilitoa taarifa Julai 2007, shehena ya kwanza ikafika Septemba 2008. Baada yake hakuna nchi nyingine iliyofika mwisho wa njia hiyo. Wakati wa UVIKO, India na Afrika Kusini ziliomba Oktoba 2020 kanuni zilegezwe. Uamuzi ulitoka Juni 2022, ukahusu chanjo tu.

Lililozaa matunda zaidi kwetu ni msamaha wa nchi zenye maendeleo duni, ambazo hazilazimiki kutoa hataza za dawa. Uganda imo katika orodha hiyo, pamoja na Tanzania, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lakini Kenya haimo. Mwaka 2007 kiwanda cha Quality Chemicals kilifunguliwa Luzira, Kampala, kwa ushirikiano na Cipla, kikatengeneza dawa za UKIMWI na malaria. Msamaha huo kwa dawa unakwisha mwanzoni mwa 2033, na nchi itakayopanda daraja kabla ya hapo itaupoteza mapema. Baada ya hapo, kiwanda kama hicho kikitaka kutengeneza dawa mpya iliyosajiliwa hataza nchini Uganda, kitahitaji ridhaa ya mwenye hataza, au leseni ya lazima kutoka kwa serikali iliyo tayari kuitoa.