Muuguzi Kwenye Simu: Tulikotoka na Wajibu wa Mzazi



Ndugu wazazi na wanafunzi, sisi wa Nalufenya tunaishi jirani na wodi ya watoto ya Hospitali ya Rufaa ya Jinja. Mvua zikishika, malaria hujaza vitanda. Siku hizi wengi wetu, mtoto akiugua usiku, kwanza tunampigia simu muuguzi tunayemfahamu. Je, jambo hili lilianza wapi? Na asiyemwona mtoto anajuaje hali yake?

Alexander Graham Bell alipata hati ya kumiliki uvumbuzi wa simu mwaka 1876. Mwaka 1879 jarida la tiba la Uingereza, The Lancet, lilieleza kisa cha daktari aliyepigiwa simu usiku kuhusu mtoto mwenye kikohozi. Familia ilihofia ugonjwa wa koo unaobana pumzi. Daktari aliomba mtoto asogezwe kwenye simu, akamsikiliza akikohoa, akasema ugonjwa sio huo.

Mwaka 1998 Uingereza ilianzisha huduma ya NHS Direct. Wauguzi waliuliza maswali yaliyopangwa, wakisaidiwa na kompyuta, kisha wakaamua: mgonjwa abaki nyumbani, amwone daktari, au akimbizwe hospitali. Huduma hiyo ilifungwa mwaka 2014, nafasi yake ikachukuliwa na namba 111. Kwetu Uganda, simu za mkononi zilianza na Celtel mwaka 1995, kisha MTN mwaka 1998. Mwaka 2012 madaktari wa Kampala walianzisha The Medical Concierge Group, wakawa wanapokea simu za wagonjwa usiku na mchana.

Sasa tutazame maswali yenyewe. Je, mtoto anaweza kunywa au kunyonya? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Ukimwita anaamka? Jibu moja baya latosha kumpeleka hospitali. Kisha pumzi: zihesabiwe dakika nzima akiwa ametulia. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12, pumzi 50 au zaidi ni hatari. Wa mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi.

Usiku mmoja mama wa mwanafunzi wangu alikuja kwangu kuazima simu. Alimwambia muuguzi, "Ni homa kidogo tu." Hakuwa na nauli ya boda boda, na aliogopa kuambiwa aende. Muuguzi akauliza rangi ya mkojo. Mama akanyamaza, kisha akasema ni kama chai ya rangi iliyokolea. "Dada, msingoje alfajiri," akajibiwa. Nauli tulichanga. Mtoto aliongezewa damu, na alhamdulillah yuko darasani leo. Mkojo wa namna ile kwa mtoto mwenye homa ni dalili ya malaria kali, nao huonekana sana kwa watoto wa mashariki ya Uganda.

Ndugu zangu, tangu 1879 simu imebadilika sana, lakini bado muuguzi anategemea macho na ulimi wa aliye nyumbani. Kusema kweli ni amana: taja dawa uliyompa, ya dukani au ya mitishamba, na siku homa ilipoanza. Simu isipopatikana, usingoje. Wafundishe watoto wako wakubwa kuhesabu pumzi leo, kabla ya usiku wa dhiki.

Wabillahi tawfiq.